Mboko, Rybakina na Nafasi Nane za Riyadh

Watoto wa Kisenge, leo tuuweke mpira wa miguu kando kidogo. Timu za Mazembe na Lupopo hazitakimbia. Nataka niwasimulie habari za tenisi, kwa sababu mwaka 2025 msichana mwenye jina la kwetu aliwaangusha mabingwa wakubwa mmoja baada ya mwingine, na wengi waliosikia habari hiyo waliisikia nusu.

Anaitwa Victoria Mboko. Alizaliwa tarehe 26 Agosti 2006 mjini Charlotte, Marekani, na wazazi wake ni watu walioihama Kongo. Alikulia Kanada, na Kanada ndiyo nchi anayoichezea. Yeye ni kitinda mimba. Wakubwa zake walishika raketi kabla yake, naye akawa anawafuata uwanjani tangu mdogo sana, kama mnavyowafuata kaka zenu hata mkifukuzwa.

Kabla sijaendelea, niambieni: Kisenge inajulikana kwa nini? Manganizi, ndiyo. Jiwe jeusi linalotiwa kwenye chuma ili kiwe imara. Babu zenu waliona mabehewa yakiondoka na jiwe hilo kuelekea Dilolo, yakivuka Angola nzima hadi bandari ya Lobito. Kisha mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata njia ile. Jina la Kisenge halikufutika, vitabu vya madini viliendelea kulitaja. Lakini jina halijazi behewa. Anayehesabu tani huhesabu zile zilizopita relini mwaka huo.

Tenisi ina hesabu ya namna hiyohiyo. Kuna jina, yaani yale watu wanayoyasema juu yako. Halafu kuna pointi. Mchezaji hupata pointi kila anaposhinda, na shindano kubwa hulipa zaidi ya dogo. Bingwa wa Wimbledon, mojawapo ya mashindano makuu ya tenisi, hupata 2,000. Bingwa wa mashindano madogo hupata makumi tu. Mwisho wa msimu, kwa kawaida kina mama na wasichana wanane waliokusanya pointi nyingi kuliko wote msimu huo hualikwa kwenye shindano la kufunga mwaka, Fainali za WTA, chama cha tenisi ya wanawake. Mwaka 2025 zilichezwa Riyadh, Saudi Arabia. Ukiwa wa tisa, hata kama dunia nzima inaimba jina lako, unabaki nje ukisubiri mmoja wa wale wanane aumie.

Sasa mtazameni Mboko Januari ile. Katika orodha ya ubora wa dunia alikuwa nje ya 300 bora. Akaanza na visiwa vya Karibi, Martinique kisha Guadeloupe, kwenye mashindano ambayo bingwa wake huondoka na pointi 35. Hakuna kamera nyingi kule, na fedha yake haimtajirishi mtu. Alishinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Mimi nikiisoma hesabu hiyo huipenda kuliko kombe lolote alilolibeba baadaye, kwa kuwa aliifanya wakati hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Agosti akafika Montreal, kwenye shindano kubwa la Kanada. Alikuwa wa 85 duniani, na waandaaji walimpa nafasi ya kualikwa. Akamtoa Sofia Kenin. Akamtoa Coco Gauff, aliyekuwa ameshinda shindano kuu la Paris miezi miwili tu nyuma, kwa 6-1, 6-4. Nusu fainali akakutana na Elena Rybakina wa Kazakhstan, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 2022, mrefu, mtulivu, mwenye mpira wa kuanzia unaopita kama risasi. Rybakina alichukua seti ya kwanza 6-1. Mboko akachukua ya pili 7-5. Katika seti ya tatu binti huyo alianguka na kuumia kifundo cha mkono. Kikafungwa bandeji. Ikafika mahali Rybakina alihitaji pointi moja tu, moja, mechi iishe. Hakuipata. Wakaenda hadi 6-6, ukachezwa mchezo wa kuvunja sare, na Mboko akaushinda.

Kesho yake, tarehe 7 Agosti, alipoteza seti ya kwanza mbele ya Naomi Osaka, kisha akashinda mbili zilizofuata, 6-4 na 6-1. Pointi 1,000. Kenin, Gauff, Rybakina, Osaka: mabingwa wanne wa mashindano makuu katika juma moja na siku chache! Umri wake ulikuwa bado miaka 18.

Hapo ndipo wengi walipoacha kusikiliza. Nyinyi msiache.

Jina lake lilipanda haraka kuliko mkono wake ulivyopona. Kwa sababu ya kifundo kile alijitoa kwenye shindano la Cincinnati. Akaenda New York, na katika raundi ya kwanza tu akafungwa na Barbora Krejčíková, seti mbili bila. Akaenda China, na huko pia mambo yakakataa. Kila uwanja alioingia sasa alitangazwa kama bingwa wa Montreal, na kila mpinzani alikuwa ameshamsoma anavyocheza. Mtu asiyejulikana huingia uwanjani mwepesi. Mwenye jina huingia na macho ya watu wote mgongoni, na kwa kijana wa miaka 19 huo ni mzigo wa kweli.

Ilipofika Oktoba, mlango wa Riyadh kwake ulikuwa umefungwa. Pointi zake hazikutosha kumweka kati ya wale wanane. Lakini kwa Rybakina mlango ulikuwa nusu wazi. Viti saba vilikuwa na wenyewe, kimebaki kimoja, naye alikuwa akikifukuzia pamoja na mchezaji mwingine, Mirra Andreeva. Mwaka ule Rybakina hakufika robo fainali ya shindano kuu hata moja, na waliomwona kama nyota iliyoanza kufifia walikuwa wengi. Akaenda Tokyo akijua kwamba akishinda robo fainali, safari ya Riyadh ni yake.

Na nani alikuwa ng'ambo ya wavu siku hiyo? Mboko.

Safari hii Rybakina hakumwachia: 6-3, halafu 7-6. Kule Montreal pointi moja ilimponyoka; hapa alizipata zote alizozihitaji. Akaingia Riyadh akiwa wa mwisho kati ya wale wanane kupita mlangoni, na huko akashinda mechi zake zote tano. Tarehe 8 Novemba alimfunga Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia, kwa 6-3, 7-6, na katika mchezo wa mwisho wa kuvunja sare Sabalenka hakupata hata pointi moja. Zawadi yake ilikuwa dola milioni 5 na zaidi.

Mboko hakurudi nyumbani kuitazama Riyadh kwenye televisheni. Alitoka Tokyo akaenda Hong Kong, kwenye shindano ambalo bingwa wake hupata pointi 250, robo ya zile za Montreal. Tarehe 2 Novemba, wakati wale wanane wameshaanza kucheza Saudi Arabia, yeye alikuwa kwenye fainali dhidi ya Cristina Bucșa wa Uhispania. Alishinda seti ya kwanza 7-5. Ya pili ikamponyoka kwenye mchezo wa kuvunja sare, 9 kwa 11. Miguu imechoka, mwaka umekuwa mrefu tangu Martinique, na mpinzani ndiyo kwanza amepata moto. Mboko akaanza seti ya tatu upya na kuichukua 6-2.

Alifunga mwaka akiwa wa 18 duniani.