Kwa nini kisiwa cha Rudolf bado ni cha Rudolf

Sisi wa Ufipa tumezoea jina la mahali liwe na maana. Sumbawanga yenyewe ni agizo: tupa uchawi. Lakini mahali pasipo na mtu, jina hutoka wapi?

Tazama kisiwa cha Rudolf. Ndicho cha kaskazini kabisa katika funguvisiwa la Franz Josef, kwenye Bahari ya Aktiki, na leo kimo ndani ya Urusi. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi, karibu zote zikiwa chini ya barafu ya kudumu. Kutoka ukingo wake wa kaskazini, Rasi Fligely, hadi Ncha ya Kaskazini ni kama kilomita 900, na njiani hakuna nchi kavu tena. Wasovieti walijenga kituo cha utafiti hapo mwaka 1932; kilifungwa mwaka 1995. Wakazi hakuna.

Jina lilitolewa na Julius Payer, wa msafara wa Austria na Hungaria, aliyefika huko Aprili 1874 kwa miguu na sleji ya mbwa. Visiwa vyote vilikuwa vimekwisha kupewa jina la Kaisari wao, Franz Josef. Kisiwa hiki kikapewa la mwanawe, Rudolf, kijana wa miaka 15.

Rudolf huyohuyo akaletwa Afrika Mashariki. Machi 1888, Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa kubwa kaskazini mwa Kenya wakaliita Rudolf. La jirani, huko Ethiopia, wakalipa jina la mkewe, Stefanie. Mwana huyo wa Kaisari alifariki Januari 1889 bila kukanyaga kisiwa wala ziwa.

Tofauti ni kwamba ziwani kulikuwa na watu. Waturkana, El Molo na wengine walikuwa wakivua na kunywesha mifugo pale tangu zamani. Mwaka 1975 Kenya ililiita Ziwa Turkana (ingawa hilo nalo ni jina la kabila moja tu kati ya kadhaa), na Stefanie leo ni Chew Bahir. Kisiwani hakuna aliyedai. Hata Wasovieti, walioigeuza Petrograd kuwa Leningrad, walimwacha Rudolf wa watu kwenye barafu yake.

Nasi tulikuwa na Leopold wetu. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskoti, akipita Ufipa kutoka Ziwa Tanganyika, aliliona ziwa lililo bondeni upande wa mashariki akaliita Leopold, japo alikwisha kusikia wenyeji wakilitaja kwa jina lao. Ramani za Ulaya zikaandika hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini aliyeteremka kutoka uwandani kwenda kutafuta samaki hakumwuliza mtu njia ya kwa Leopold. Wazungu waliofuata waliandika Hikwa, wengine Rikwa, kila mmoja kwa sikio lake, mpaka likatulia kuwa Rukwa. Leo ndilo jina la ziwa, na la mkoa mzima.