Imani na Ukombozi katika Riwaya za Rumi (2): Toba ya Chilo

Juma lililopita tulimwacha Vinicius, ofisa kijana wa jeshi katika riwaya ya Quo Vadis, akiwa amekwisha kubatizwa. Uongofu wake unagusa moyo, ila ulianzia kwenye mapenzi: alimtaka Lygia, na Lygia alikuwa Mkristo. Anayetufundisha zaidi habari za ukombozi, kwa maoni yangu, ni Chilo, Mgiriki mzee asiye na lolote la kumvutia mtu.

Dhambi zake zinatisha. Alimsaliti tabibu Glaucus kwa wanyang'anyi, mke na watoto wa tabibu wakauzwa utumwani. Walipokutana tena Rumi, akapanga auawe. Hila ilipofichuka, Glaucus alimsamehe. Tazama mfuatano huo: msamaha umefika, toba bado. Chilo akaenda zake salama, kisha akawauza Wakristo kwa Nero, aliyekuwa akitafuta wa kubebeshwa lawama za moto ulioteketeza mji mwaka 64.

Mwandishi, Henryk Sienkiewicz, aliitoa riwaya hii gazetini mwaka 1895 na 1896, nchi yake ya Poland ikiwa imegawanywa na kutawaliwa na wageni. Wasomaji wake wa Warsaw, chini ya mfalme wa Urusi, hawakuhitaji kuelezwa msaliti ni mtu gani. Hao ndio aliowataka wamtazame Chilo hadi mwisho.

Mwanahistoria Tacitus aliandika kwamba Nero aliwachoma Wakristo wawe taa za usiku. Sienkiewicz anamfunga Glaucus kwenye nguzo mojawapo. Chilo, akipita bustanini pamoja na Kaisari, anamtambua na kulia kuomba msamaha. Glaucus, moto ukimla, anasamehe tena. Ndipo yule mzee mwoga anamnyooshea Nero kidole mbele ya umati na kutangaza kwamba yeye ndiye aliyeuchoma mji. Usiku uleule Mtume Paulo anambatiza. Anapoamriwa kuyakana maneno yake anakataa. Anakatwa ulimi, kisha anasulubiwa uwanjani.

Wapo wanaoona ameokoka kwa urahisi mno. Mimi sioni hivyo. Msamaha haukumwondolea mateso hata kidogo. Ulimpa nguvu ya kusema kweli, jambo ambalo hakuwahi kuliweza, na aliisema akijua itamuua.

Juma lijalo tutamgeukia Petronius, aliyeisikia imani hiyohiyo, akaiheshimu, na akaikataa.