Nukta nyekundu kwenye shotigani: Ifaapo, isipofaa na jinsi ya kuitumia

JIONI ya Februari 11, 2006, katika shamba moja la mifugo kusini mwa jimbo la Texas, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, Dick Cheney, aligeuka kumfuata kware aliyekuwa akiruka, akafyatua shotigani yake na kumpiga mwenzake wa mawindoni, wakili Harry Whittington, aliyekuwa na umri wa miaka 78. Marisau yalimwingia usoni, shingoni na kifuani. Bahati njema, alinusurika.

Kisa hicho kilizua gumzo kote duniani. Yafaa kikumbukwe na yeyote anayewazia kutia kilengeo cha nukta nyekundu kwenye bunduki ya aina hiyo, kifaa ambacho kimepata umaarufu mkubwa miongoni mwa wawindaji wa Marekani. Kilengeo hicho humwonyesha mpigaji mahali marisau yatakapoelekea. Hakimwambii kamwe ni nani au ni nini kilichoko huko.

Hapa Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na raia hawezi kumiliki bunduki bila leseni. Kwa hivyo suala hili ni la Wamarekani zaidi. Hata hivyo, wapo Wakenya wengi wanaoishi huko, na baadhi yao hualikwa mawindoni na majirani au kujiunga na vilabu vya kulenga shabaha. Vilevile, katika mashindano ya shotigani yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la IPSC, limo daraja la washindani wanaoruhusiwa kutumia vilengeo vya kielektroniki. Ni vyema basi kufahamu kifaa chenyewe ni nini, huchaguliwaje na mipaka yake ni ipi.

Kifaa chenyewe

Wengi hudhani kwamba nukta nyekundu ni mwali unaorushwa hadi kwenye shabaha, kama ule wa leza. Sivyo. Ndani ya kilengeo mna taa ndogo mno ambayo mwanga wake huelekezwa kwenye lenzi iliyopindwa kidogo na kupakwa utando maalumu. Utando huo huurudisha mwanga mwekundu kwenye jicho la mpigaji na kuupitisha mwanga mwingine wote. Matokeo yake ni kwamba mpigaji huona nukta ikielea mbele, kana kwamba iko mbali sawa na shabaha. Aliyesimama upande wa pili haioni.

Wazo hili si geni. Sir Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa jijini Dublin, alisajili hataza ya kilengeo cha kuakisi mwaka 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ndiyo iliyoleta sokoni kilengeo cha kielektroniki cha nukta nyekundu mwaka 1975.

Faida yake kubwa ni kumpunguzia mpigaji kazi. Anayetumia bunduki yenye vilengeo vya chuma hulazimika kupatanisha vitu vitatu: kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha yenyewe, ilhali jicho haliwezi kuona vyote vitatu waziwazi kwa wakati mmoja. Mwenye nukta hutazama shabaha tu, macho yote mawili yakiwa wazi, kisha huiweka nukta mahali anapotaka. Wazee ambao macho yao hayawezi tena kuona vizuri kishanga kilichoko kwenye ncha ya mtutu ndio wanaofaidika zaidi.

Ifaapo na isipofaa

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi yampasa ajiulize swali moja: je, bunduki hii nitailenga au nitaizungusha?

Shotigani kwa asili ni bunduki ya kuzungushwa. Anayepiga ndege arukaye au kisahani cha udongo kilichorushwa hewani humfuata kwa mtutu, humpita kidogo na kufyatua bila kusita. Macho yake huwa kwa ndege, si kwa bunduki. Akianza kuitafuta nukta, mkono husimama na marisau hupita nyuma ya shabaha. Ndiyo maana wapigaji wengi wa visahani huridhika na kishanga chao kidogo. Katika mashindano ya shotigani ya Olimpiki, vifaa vinavyotoa mwanga haviruhusiwi kabisa.

Lakini yako mawindo mawili ambayo huifanya shotigani kuwa bunduki ya kulengwa. La kwanza ni la bata mzinga wa mwituni. Mwindaji huketi chini akiegemea mti, huigiza sauti ya jike, na kumsubiri dume akaribie. Hulenga kichwa na shingo pekee. Mdomo wa mtutu huwa umebanwa sana ili marisau yasitawanyike, na siku hizi baadhi ya wawindaji hutumia marisau ya tangsteni, ambayo ni mazito kuliko risasi ya kawaida. Marisau yakibanwa hivyo, kosa dogo la kulenga hutosha kumkosa ndege, au kumjeruhi akaenda kufia kichakani.

La pili ni la kulungu. Katika baadhi ya majimbo yenye mashamba tambarare na makazi ya watu, kwa miaka mingi sheria ziliwazuia wawindaji wa kulungu kutumia bunduki za masafa marefu, wakatakiwa kutumia shotigani yenye risasi moja nzito badala ya marisau. Risasi moja haina msamaha. Huenda pale ilipoelekezwa, na kishanga peke yake hakitoshi kuielekeza vyema zaidi ya mita hamsini hivi.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kununua

Jambo la kwanza ni ukubwa wa nukta. Hupimwa kwa dakika za pembe. Dakika moja ni takriban sentimita 2.9 katika umbali wa mita 100. Kwa hivyo, katika umbali wa mita 40, nukta ya dakika 2 hufunika kama sentimita 2.3, na nukta ya dakika 6 hufunika sentimita 7. Nukta kubwa huonekana upesi, lakini kwa umbali huo yaweza kukifunika kichwa chote cha bata mzinga. Kwa mawindo yanayohitaji uangalifu, nukta ya dakika 2 au 3 yatosha.

Pili, ni umbo. Vipo vilengeo vilivyo wazi, ambavyo ni vyepesi na huketi chini karibu na mtutu. Vipo pia vilivyofungwa pande zote kama bomba. Vile vilivyo wazi vina udhaifu mmoja: tone la mvua, theluji au jani likiangukia taa, nukta hupotea. Anayewinda chini ya miti yenye umande hana budi kulifikiria jambo hili.

Tatu, ni uimara. Shotigani kubwa hupiga teke kali, hasa ikitiwa risasi za bata mzinga. Kilengeo cha bei ya chini kilichoundwa kwa bunduki ndogo kitalegea au kuzima baada ya mitetemo michache. Mnunuzi na aulize waziwazi iwapo mtengenezaji amekikubali kitumike kwenye shotigani, na dhamana inasemaje.

Uimara haupimwi kwa teke pekee. Mwaka 2015, kampuni ya L-3, iliyokuwa ikimiliki EOTech, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kumaliza kesi ya madai kwamba vilengeo vyake vya holografia, ambavyo ni jamii moja na hivi, vilikuwa vikihama shabaha katika joto kali na baridi kali. Ikiwa hata vifaa vya wanajeshi vyaweza kutiliwa shaka, raia asikiamini kilengeo chake msimu baada ya msimu bila kukijaribu upya.

Nne, ni betri. Vilivyo bora huweza kuwaka maelfu ya saa kwa betri moja. Saa 50,000, kwa mfano, ni zaidi ya miaka mitano. Hata hivyo, busara ni kubadilisha betri kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa. Tazama pia mahali betri inapotiwa. Ikiwa ni lazima kilengeo king’olewe ndipo betri ibadilishwe, itakubidi kulenga upya kila mara.

Tano, na hili husahaulika, ni macho ya mnunuzi mwenyewe. Mwenye kasoro ya astigimatizimu haoni nukta ya duara. Huona kitu kama nyota, mkia au vinukta viwili. Asikimbilie kumlaumu muuzaji. Na aitazame nukta kupitia kamera ya simu: ikionekana safi kwenye simu, basi tatizo li machoni mwake, na miwani ifaayo yaweza kumsaidia.

Kukifunga

Kazi huanza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina kitu, chemba na ghala vikikaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote kuwekwa mbali na meza.

Bunduki nyingine huja na matundu ya skrubu au reli juu ya mwili wake. Nyingine huhitaji fundi. Ikiwa mwili wa bunduki ni wa aluminiamu, skrubu zisikazwe kupita kiasi, maana uzi wa matundu huharibika kwa urahisi. Fuata kipimo cha mtengenezaji, na utie gundi ya skrubu ile inayoweza kufunguliwa baadaye.

Kimo nacho ni muhimu. Kitako cha shotigani huundwa ili shavu lilale juu yake na jicho litazame sambamba na mtutu. Kilengeo kikikaa juu mno, mpigaji hulazimika kuliinua shavu. Hapo nukta hupotea machoni, na teke la bunduki humkuta usoni. Tafuta kifungio cha chini kabisa, na ikibidi kiinue kitako kwa kipande cha povu au ngozi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kukirekebisha

Kilengeo kipya hakijui bunduki yako inapiga wapi. Weka karatasi kubwa umbali wa mita 10, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, na uanze kwa risasi nyepesi ili bega lisichoke. Ukiona marisau yanakaribia katikati, nenda umbali wa mita 30 na utumie risasi zile zile utakazowindia. Risasi za aina tofauti hupiga mahali tofauti, hata katika bunduki moja.

Usilitazame tundu moja. Tafuta kitovu cha matundu yote. Tuseme kitovu hicho kiko sentimita 9 chini ya mahali ulipolenga katika umbali wa mita 30. Kwa umbali huo, dakika moja ni kama sentimita 0.9, basi, ikiwa kila mlio wa skrubu ya kilengeo ni dakika moja, izungushe milio kumi kuelekea juu. Piga tena angalau mara tatu kabla ya kuridhika.

Baadaye chora duara la upana wa sentimita 25 na upime ni umbali gani ambapo marisau huanza kuliachia mapengo. Huo ndio mwisho wako, na nukta haiwezi kukuongezea hata hatua moja.

Mawindoni

Punguza mwangaza wa nukta hadi uweze tu kuionekea. Ikiwaka mno alfajiri, huvimba na kuifunika shabaha. Acha macho yote mawili wazi, tazama shabaha, na uilete bunduki kwenye shavu badala ya kulipeleka shavu kwenye bunduki. Zoezi hili laweza kufanywa nyumbani kwa bunduki tupu, mara ishirini kwa siku, hadi nukta ijitokeze yenyewe bila kutafutwa.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Mwindaji wa bata mzinga hujificha kwa nguo za rangi ya majani na kuigiza sauti ya ndege. Mwindaji mwingine aliyejificha karibu huisikia sauti hiyo hiyo. Kichwa cha dume huwa na rangi nyekundu, nyeupe na samawati, na ndiyo sababu wawindaji hukatazwa kuvaa rangi hizo au kutoa leso nyeupe mfukoni. Aliyeona kipande cha rangi kikitikisika kichakani, tayari ana nukta ing’aayo juu yake na kidole ki kwenye kifyatulio, yuko karibu sana na msiba. Bunduki isiinuliwe ili kutazama kilichoko. Macho yatangulie, au darubini ya mkononi. Ndege aonekane mzima, na nyuma yake paonekane pia. Kisha ndipo nukta iwekwe.

Katika kisa cha Texas, bunduki ilipiga pale pale ilipoelekezwa. Kilichokosekana ni kujua aliyesimama upande ule, na kifaa cha kumwonyesha mpigaji hilo hakijauzwa dukani hadi leo. Tahadhari kabla ya hatari.