Makasha 5,000 ya reli na mzigo wa Bujumbura

BUJUMBURA, Burundi — Wapo watu wanaokusanya treni ndogo za mfano, zenye mabehewa yaliyopakiwa vifaru na malori ya kale ya jeshi. Anayetaka treni ya vita ya Ziwa Tanganyika atapakia makasha tu.

Meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika makasha 5,000 hivi. Yalipelekwa Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915, ikafungwa mizinga. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Waingereza nao walisafirisha boti mbili za vita, Mimi na Toutou, juu ya mabehewa kutoka Cape Town. Reli ilipokoma, zilivutwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba, Kongo.

Baada ya vita njia ilibaki. Mwaka 1921 Wabelgiji, walioshika Burundi, walipewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa mizigo inayopita.

Hadi leo anayeagiza kwa njia hiyo hulipia kupakua behewa Kigoma na kupakia meli ya Bujumbura. Reli ya Uvinza–Musongati ikikamilika, treni itaingia Burundi. Hata hivyo, kutoka Musongati hadi Bujumbura mzigo utahitaji lori. Mfanyabiashara aanze mapema kupiga hesabu ya kila mahali unapohamishwa.