UZI: Daktari aliyesomea nje alazimishwe kuhudumu mashinani? Tulifungue hili jambo

1/ Kila msimu wa siasa kuna mtu atashika maikrofoni aseme: "Madaktari wote waliosomea nje waende Turkana, Mandera na Tana River miaka mitano kwanza, ndio wapewe ruhusa ya kufanya kazi Nairobi!" Umati unapiga makofi. Huku mtandaoni vita vinaanza: mmoja anasema ni haki, mwingine anasema ni utumwa. Hebu tulifungue pole pole. Hatutaji chama wala mwanasiasa. Shika chai, twende.

2/ Kwanza, tunaongea kuhusu nani? Watu huchanganya makundi matatu:
a) Mkenya aliyesomea nje kwa pesa za wazazi wake.
b) Mkenya aliyesomeshwa nje na serikali, yaani kwa kodi yako.
c) Daktari mgeni anayekuja kufanya kazi hapa.
Ukisikia mtu anasema "waliosomea nje", muulize ni kundi gani. Deni la b si deni la a.

3/ Shida yenyewe ni ya kweli, tusijidanganye. Madaktari wanajaa mijini. Fikiria mama yuko na uchungu ndani kabisa Turkana, mtoto amekwama, anahitaji upasuaji. Zahanati ya karibu iko na muuguzi mmoja. Kufika Lodwar ni saa kadhaa za barabara mbovu, kama gari limepatikana. Huyo mama hajali daktari alisomea wapi. Anataka kumpata, basi.

4/ Wengine wamefanyaje? Tuanze Marekani. Daktari wa nje anayeenda huko kwa viza ya J-1 kufanya mafunzo ya udaktari bingwa anatakiwa kurudi kwao miaka 2 akimaliza. Lakini tangu 1994 kuna mlango: anaweza kusamehewa sharti hilo akikubali kufanya kazi miaka 3 katika eneo lenye uhaba wa madaktari. Kila jimbo linaweza kupendekeza hadi madaktari 30 kwa mwaka.

5/ Angalia vile hiyo biashara imepangwa. Daktari hajalazimishwa. Amepewa kitu anachokitaka (kubaki), naye anatoa kitu (miaka 3 mashinani). Ubaya wake? Viza yake imefungwa kwa mwajiri. Akinyanyaswa kazini, kuondoka ni kujiweka hatarini. Na kwa nchi kama yetu kuna uchungu mwingine: lile sharti la kurudi nyumbani miaka 2 liliwekwa ili ujuzi urudi kwa nchi alikotoka. Likisamehewa, kijiji cha huko kinapata daktari na cha huku kinamkosa.

6/ Australia ni wakali zaidi. Kuna sheria inayojulikana kama marufuku ya miaka 10. Daktari aliyesomea nje hawezi kulipwa na bima ya umma, Medicare, kwa wagonjwa anaowatibu mpaka afanye kazi maeneo yenye uhaba. Akienda mbali zaidi, miaka inapunguzwa. Hakuna anayemfunga kamba. Ni vile tu kule mjini mgonjwa wake hatarudishiwa pesa na bima, kwa hivyo kazi haitamlipa.

7/ Kanada, mkoa wa Ontario: daktari aliyesomea nje akipata nafasi ya mafunzo ya ubingwa, alitakiwa kutia sahihi mkataba wa kuhudumu miaka 5. Hata Mkanada mzaliwa wa huko aliyesomea nje aliangukia humo. Lalamiko lao: mbona mwenzangu aliyesomea hapa, tunafanya mafunzo wodi moja, hadaiwi kitu? Weka swali hilo akilini, tutarudi kwalo.

8/ Afrika Kusini walichukua njia nyingine. Tangu 1998 daktari mpya anahudumu mwaka 1 katika hospitali za umma, hata kama alisomea hapo hapo nyumbani. Pia wamepeleka vijana, wengi kutoka vijijini, kusomea udaktari Cuba kwa gharama ya serikali, kwa mkataba wa kurudi kuhudumia mikoa yao. Hilo ni kundi b: umesomeshwa, unalipa kwa kazi. Ni vigumu kubisha.

9/ Sasa nyumbani. 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba wasambazwe kwa kaunti, na madaktari 50 Wakenya wakapelekwa Cuba kusomea tiba ya familia. Waliounga mkono walisema: mabingwa wamefika mahali ambapo hawajawahi kuonekana. Chama cha madaktari kikauliza: mbona kuleta wageni na kuwalipa vizuri wakati kuna Wakenya waliohitimu na hawajaajiriwa?

10/ Halafu Aprili 2019, madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara Mandera wakielekea kazini, na askari aliyekuwa akiwalinda akauawa. Wenzao waliokuwa karibu na mpaka wa Somalia wakaondolewa. 2023 serikali ikatangaza kwamba haitaendelea na makubaliano hayo.
Somo: unaweza kumpeleka daktari mashinani kwa karatasi. Kumweka salama huko ni kazi nyingine kabisa.

11/ Hoja ya wanaotaka lazima: Afya ni haki kwenye Katiba, na haki haiwezi kuishia Nairobi na Kisumu. Soko likiachwa lijipange, daktari atafuata pesa na shule nzuri za watoto wake. Miaka michache ya kazi si adhabu, na daktari kijana hujifunza mengi pahali ambapo anafanya kila kitu mwenyewe.

12/ Hoja ya wanaopinga: Ukibagua aliyesomea nje pekee, unaadhibu cheti chake. Tayari anafanya mtihani wa baraza la madaktari kabla ya kuanza mafunzo ya kazini. Akishafaulu, yeye ni daktari kama wengine. Pia unawaambia watu wa Turkana kwamba wao ni mahali pa kutumikia kifungo. Na daktari anayehesabu siku ataondoka siku ya mwisho, mgonjwa aanze kujieleza upya kwa mgeni mwingine.

13/ Sasa kitu ambacho jukwaani hakisemwi. Tangu Katiba ya 2010, hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na ni kaunti inayoajiri na kulipa. Kwa hivyo mtu wa serikali kuu akiahidi "nitawapeleka madaktari", uliza: mshahara unatoka kwa bajeti ya nani? Kumbuka 2024 madaktari waligoma karibu miezi miwili, na moja ya sababu ni wanagenzi kukosa kupelekwa vituoni na mzozo wa malipo yao. Walikuwa tayari kufanya kazi. Kilichokosekana ni pesa.

14/ Je, kulazimisha kunafanya kazi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hili 2010 na kuupiga msasa 2021. Kwa ufupi: huduma ya lazima inaweza kusaidia, lakini iende pamoja na nyumba, vifaa, usalama, na nafasi ya kuendelea na masomo. Na jambo linalosisitizwa sana: chukua wanafunzi kutoka maeneo hayo hayo. Kijana wa Wajir ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki Wajir.

15/ Kwa hivyo ukisikia ahadi hii tena, uliza maswali matano:
– Ni kundi gani: a, b au c?
– Miaka mingapi, na akimaliza anapata nini?
– Nani analipa, kaunti au serikali kuu?
– Kuna damu, dawa, stima na chumba cha upasuaji, ama anaenda kuandika barua za rufaa tu?
– Akivunja mkataba, nini kinafanyika?
Asiyeweza kujibu hata matatu hana mpango. Ana maikrofoni.

16/ Maoni yangu, na unaweza kupinga: aliyesomeshwa na kodi ana deni, alipe, awe alisomea Havana au Nairobi. Aliyejisomesha asilazimishwe, abembelezwe kwa kitu cha maana: ubingwa wa bure baada ya miaka 3 mashinani, kwa mfano. Sheria ikiwa moja kwa wote, lile swali la Ontario halitakuwepo.
Yule mama wa Turkana hahitaji daktari wa kuadhibiwa. Anahitaji atakayekuwepo hata mwaka ujao.

Kama wewe ni daktari na umewahi kufanya kazi kaunti ya mbali, tuambie hapa chini: ni nini kilikufanya ubaki, ama uondoke?