Simba aliingia safinani, Yanga je?

Mwalimu wa madrasa anasimulia kisa cha Nabii Nuhu. Amefika pale wanyama wanapoingia safinani wawili wawili: tembo, twiga, simba. Mtoto wa miaka mitano ananyoosha kidole: "Ustadhi, na Yanga walipanda?"

Wakubwa watavunjika mbavu. Kwa mtoto wa Mchikichini, Dar es Salaam, hilo ni swali la maana. Makao makuu ya klabu ya soka ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya klabu ya Yanga kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Kote anafika kwa miguu. Gharika nayo anaijua: masika yakizidi, Mto Msimbazi hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi husimama. Mwenzake akiuliza kama Nuhu alipanda mwendokasi kwenda Kimara, usishangae.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza mwaka 1926 jinsi watoto wadogo wanavyoamini kuwa jua, maziwa na milima vimetengenezwa na mtu kwa matumizi ya watu. Mtoto hufikiri kwa vitu alivyokwisha kuviona na kuvishika.

Je, basi hata Mungu anamwona kama mtu wa mtaani? Justin Barrett na wenzake walilipima hilo Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliwaonyesha watoto boksi la biskuti lenye mawe ndani, kisha wakauliza: mama akiliona limefungwa, atadhani lina nini? Wa miaka mitatu wengi walijibu mawe. Wa miaka mitano wengi walijibu biskuti, maana mama hajachungulia. Na Mungu je? Mawe.

Kwa hiyo mtoto anayempandisha Nuhu mwendokasi anaweza vilevile kujua kwamba Mungu haoni kwa mipaka ya mama yake. Asichokuwa nacho ni picha ya zama za kale na nchi za mbali, na pengo hilo analiziba kwa mtaa wake.

Ukimkaripia kwamba anakufuru, atajifunza kunyamaza tu. Mjibu kwa ukweli: simba wa safinani ni mnyama, Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba 1936, na Nuhu aliishi zamani mno kabla ya hapo. Kisha mrudishie swali: ungekuwa wewe, ungemwekaje simba chombo kimoja na mbuzi? Jibu lake litakuonyesha kisa kimemwingia mpaka wapi, na kesho uanzie hapo.