Mapigo Kabla ya Maneno

Muze iko katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa. Mtoto wa huko huweza kukua akisikia Kifipa nyumbani, Kisukuma cha wafugaji waliohamia bondeni, na Kiswahili sokoni na redioni. Anazitenganishaje lugha hizo kabla hajajua maana ya neno hata moja?

Huanza na mapigo.

Somo lenyewe huanzia tumboni. Miezi ya mwisho ya mimba masikio huwa tayari yanasikia, ila mwili wa mama huchuja sauti: konsonanti hufifia, mahadhi ya usemi hupenya. Mwaka 1998, Thierry Nazzi na wenzake nchini Ufaransa waliwasikilizisha watoto wachanga sentensi zilizochujwa hivyo, huku wakipima kasi ya kunyonya chuchu bandia. Mtoto akisikia kitu kipya hunyonya kwa nguvu zaidi. Watoto hao walitofautisha Kiingereza na Kijapani, lugha zenye mapigo tofauti. Kiingereza na Kiholanzi, ambazo mapigo yake yanakaribiana, hawakuzitofautisha.

Kifipa na Kisukuma ni lugha za toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Kiswahili kilikwisha kuacha toni. Mkazo wake hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "kitabu": mkazo uko kwenye "ta". Sema "kitabuni", unahamia "bu". Masikio ya mtoto hupata hapo alama ya kuonyesha neno linaishia wapi. Yapo machache yanayokaidi: barabara ya magari hufuata kanuni, lakini "barabara" yenye maana ya sawasawa huwekewa mkazo kwenye "ra" ya kwanza.

Mapigo hufundisha pia kupokezana. Mama husema, mtoto huguna, mama hungoja kidogo kisha hujibu. Baadaye huja makofi, kuruka kamba na ukuti ukuti, kisha vitendawili, ambapo mtegaji haendelei mpaka wenzake waitikie "Tega!"

Kati ya miezi sita na kumi, watoto wengi huanza kurudia silabi: ba-ba-ba, ma-ma-ma. Asiyefikia hapo apelekwe zahanati, aelekezwe panapopimwa masikio. Kiziwi naye hahitaji kukosa mapigo. Mwaka 2001, Laura-Ann Petitto na wenzake walionyesha kwamba watoto wanaolelewa kwa lugha ya alama huchezesha mikono kwa mwendo wa taratibu usioonekana kwa watoto wengine: silabi zao za kwanza ziko vidoleni.